Gari Lisilo na Klachi

Roosevelt Tolliver nusura amuue mkewe kwa gari la marehemu baba yake, na siku hiyo hawakuwa wamegombana hata kidogo. Ernestine aliingia gereji kuchukua mifupa ya shingo ya nguruwe kwenye friza. Roosevelt, ambaye mtaa mzima ulimwita Velt, alikuwa ameketi nyuma ya usukani wa gari hilo, Chevelle ya zamani, mlango wa gereji uko wazi nyuma yake. Alikuwa amejiambia kwamba atalirudisha gari hadi ukingo wa barabara tu, aisikie injini, kisha aliingize ndani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti majira ya baridi, kwa sababu ya kisukari. Sasa alivaa mguu wa bandia, na mguu wa bandia haumwambii mtu kama amekanyaga klachi sawasawa au amekanyaga ukingo wake tu.

Gari lilikuwa kwenye gia ya kwanza, kama baba yake alivyomzoesha kuliegesha. Alipowasha, kiatu cha mguu wa bandia kiliteleza kwenye klachi na gari likaruka mbele. Bampa liliisukuma friza hadi ukutani, mbao zikapasuka, injini ikazimika. Ernestine alikuwa amekwisha kufunga friza na kusogea pembeni. Alibaki amekumbatia mfuko wa nyama iliyoganda, akitazama pale alipokuwa amesimama muda mfupi kabla.

"Nilikuwa nakuona," Velt alisema kupitia dirishani.

"Hukuniona."

 Ernestine alirudi jikoni, akaweka nyama kwenye sufuria, akaanza kukata kitunguu, kisha akakiweka kisu chini kabla hajamaliza. Jioni, wakiwa mezani, alimwambia mumewe kwamba gari litauzwa. Velt aliendelea kula. Alisema ni sawa, ampigie Hosea simu, kwa kuwa baba yao aliwaachia gari hilo wao ndugu wawili.

*

Watu wa upande ule wa mji wa Saginaw walilijua gari la Tolliver kama wanavyolijua kanisa. Mzee Otis alikuwa mmiminaji wa chuma kiwandani, pale zilipotengenezwa injini, na alipolinunua jipya mwaka wa sabini aliwaambia wanawe kwamba huenda chuma cha injini ile alikimimina kwa mikono yake. Hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha. Kila Agosti familia nzima ilibanana humo kwenda Mississippi kwa bibi, kuku wa kukaanga wamefungwa kwenye karatasi, madirisha yako wazi, na mzee akibadili gia kama mtu anayepiga ngoma.

Mzee alipokufa, kutu ilikuwa imelila gari kiunoni. Velt alilifufua kwa alichokuwa nacho. Sakafu aliiziba kwa mabati ya mashine za kufulia zilizotupwa. Viti vilitoka kwenye gari lililoungua upande mmoja. Zulia lilikuwa mabaki ya zulia la kanisa, jekundu, na walipolitandika mchungaji alitania kwamba sasa Velt hawezi tena kutukana humo ndani. Rangi ya buluu aliipiga mwenyewe, akiwa amening'iniza mashuka ya Ernestine kuzuia vumbi. Mashuka yale hayakurudi kitandani, na maneno juu ya mashuka yale hayakwisha mwaka ule.

Kitu kimoja tu hakikuguswa. Injini na giaboksi yake ya gia nne vilikuwa vilevile vilivyotoka kiwandani, na nambari zake zililingana na za gari, jambo ambalo wanunuzi wa magari ya zamani hulitafuta.

*

Hosea alifika kutoka Grand Rapids siku ya Jumamosi, amefuatana na mnunuzi. Hosea alikuwa mdogo wa Velt, mtu mpole aliyependa mambo yaishe upesi. Kazini kwake walikuwa wamepunguza watu naye akapunguzwa, na binti yake alikuwa na mwaka mmoja wa chuo uliobaki. Hakumwambia kaka yake hayo. Ernestine aliyajua kwa mke wa Hosea.

Mnunuzi alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, nadhifu, mwenye sauti ya upole. Alimsalimu Velt, ambaye tangu siku ya ajali alikuwa amerudi kwenye kiti cha magurudumu, lakini maswali yote alimwuliza Hosea. Aliuliza gari lililala nje miaka mingapi. Aliuliza kama kaka mtu bado ana uwezo wa kutia sahihi. Velt alikuwa amekaa pale pale, kofia mapajani.

Kisha mnunuzi akatoa sumaku ndogo mfukoni, iliyovishwa kitambaa ili isikwaruze, akaanza kuitembeza kwenye bodi. Kwenye boneti ilishika. Kwenye mlango ilishika. Ilipofika juu ya tairi la nyuma ilianguka chini. Aliiokota, akaijaribu tena kidogo pembeni, ikaanguka tena. Kila ilipoanguka alisema "samahani", kana kwamba kosa ni lake, na kila aliposema hivyo Velt aliiangalia kofia yake.

"Kazi nzuri kwa macho," mnunuzi alimwambia Hosea. "Lakini hapa chini ya rangi ni bati la kuokoteza na puti, ndiyo maana sumaku haishiki. Nikisema nilinunue zima nitakuwa nawadanganya. Mimi nina gari kama hili lenye bodi safi, halina injini yake. Nitachukua injini na giaboksi. Hili ganda mnaweza kulipeleka skrapu."

Latrice, binti wa Velt na Ernestine, alikuwa amesimama mlangoni na sare ya duka la matairi alikofanya kazi. Alifungua mdomo, mama yake akamtazama, akaufunga. Hosea aligeuka kwa kaka yake akamwuliza anaonaje.

"Chukueni," Velt alisema.

Ernestine alimgeukia. Sauti ile aliijua. Ndiyo aliyowajibu nayo madaktari walipomwomba ruhusa ya kukata mguu, ya mtu ambaye amekwisha kutoka chumbani na kuuacha mwili ujibu kwa niaba yake. Tangu ajali ya gereji alikuwa akiitumia kwa kila kitu. Kula, sawa. Kutokula, sawa. Sindano ya asubuhi, kama ungependa. Ernestine alikuwa ameyaona hayo bila kuyapa jina, na pale gerejini, mbele ya mgeni mwenye sumaku mkononi, aliyaona yote kwa pamoja.

"Haliuzwi," alisema.

Hosea alidhani hakusikia vizuri. "Shemeji, wewe ndiye uliyenipigia simu."

"Nilikupigia. Sasa nakwambia haliuzwi."

"Nusu ni yangu."

"Nusu ni yako, sikatai. Nipe hadi shule zifungwe. Baada ya hapo, kama bado unaidai, utaipata nusu yako, hata kwa msumeno."

Mnunuzi alimpa Hosea kadi yenye namba yake, akasema anaelewa, mambo ya familia. Hosea aliondoka bila kunywa kahawa iliyokuwa imekwisha kumiminwa.

*

Wazo la kuligeuza gari kuwa otomatiki lilikuwa la Latrice. Alikuwa amelileta tangu baba yake aliporudi kutoka hospitali: toa gia nne, toa klachi, weka giaboksi ya otomatiki, mguu wa kulia unatosha. Velt alimkataza hata kulitaja. Alisema gari lile likivuliwa giaboksi yake litakuwa gari la kwendea sokoni kununua kabeji. Sasa Latrice alipata otomatiki kutoka kwenye pikapu kuukuu lililopinduka, kwa mwenye yadi ya skrapu ambaye alitaka, badala ya malipo kamili, seti ya matairi nusu-mapya. Matairi hayo yalikatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo. Kazini walimwazima na jeki ya kuteremshia giaboksi.

Jumapili baada ya ibada, Ernestine alivaa suruali ya kazi ya mumewe, akaikunja miguu, akajilaza kwenye kadibodi chini ya gari. Kazi yake ilikuwa jikoni shuleni, kupika kwa masufuria ya watoto mia kadhaa, na mabega yake yalikuwa na nguvu. Lakini spana hakuwahi kuishika.

Velt, akiwa sebuleni, alisikia milio ya vyuma. Alikuja hadi mlango wa gereji kwa kiti chake.

"Mnafanya nini?"

"Unaona," Ernestine alijibu kutoka chini.

"Nimesema liuzwe. Hilo mnalolifanya ni kulichinja."

Latrice aliweka tochi chini, akaomba ruhusa ya kwenda kununua soda, akaondoka. 

"Baba alimimina chuma cha gari hili," Velt alisema. "Alikohoa chuma hicho hadi akafa. Mkono wake ulikuwa kwenye hiyo gia. Halafu mimi, kwa sababu ya mguu, nije niitoe?"

Ernestine alijivuta akatoka chini ya gari, akakaa pale sakafuni, uso una mafuta. Hakupandisha sauti.

"Baba yako amekufa, Velt. Mimi ndiye niliyebaki nakuogesha. Nakuogesha mtu anayenijibu sawa, sawa, sawa. Gari hili nimelichukia miaka yote ya ndoa yetu. Limekula pesa za paa la jikoni. Limekula mashuka yangu. Juzi limetaka kunila mimi mwenyewe. Lakini siku ulizokuwa unalishughulikia gari hili ulikuwa unanipigia kelele kuhusu chumvi kwenye mboga. Nataka hizo kelele."

Velt aligeuza kiti akarudi ndani. Ernestine alilala tena kwenye kadibodi. Alikuwa analia, na machozi yalimwingia masikioni kwa sababu ya kulala chali, jambo lililomkasirisha zaidi. Alishika spana akaivuta bolti ya juu kwa hasira, na spana ikateleza kwa mlio mkali wa chuma kinachochunwa. Akaiweka tena. Ikateleza tena.

Mara ya tatu alisikia magongo. Kisha akasikia magongo yakiangushwa, na kitu kizito kikijishusha sakafuni. Velt alikuwa amekuja bila mguu wa bandia, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini. Alijisukuma kwa makalio kwenye sakafu yenye mafuta mpaka akafika ubavuni mwa gari, akainamisha kichwa kutazama chini.

"Acha," alisema. "Unaikata kichwa bolti ya watu. Hiyo spana ni kubwa. Wewe mwanamke, nani amekwambia ushike hiyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Aliyetakiwa kuniambia alikuwa amenuna sebuleni."

Alimpa nyingine. Alimwonyesha kupaka mafuta na kungoja, kugonga polepole pembeni, kisha kuvuta bila papara. Bolti iliachia. Latrice alirudi na soda akawakuta wamelala sambamba, miguu mitatu imechomoza chini ya gari, wakibishana kuhusu chumvi.

*

Kazi iliendelea hadi majira ya joto yakaanza. Velt alitukana, licha ya zulia la kanisa.  Siku walipoteremsha giaboksi ya zamani alikaa nayo mezani kutwa nzima, akaisafisha kila pembe kwa petroli na mswaki, akaipaka oili, kama watu wanavyomwosha marehemu. Siku walipong'oa kikanyagio cha klachi, mpira wake ukiwa umelika upande mmoja kwa viatu vya watu wawili, aliomba aachwe peke yake, nao wakamwacha.

Hosea alikuja shule zilipofungwa, kama alivyoambiwa. Alilitazama gari, akachungulia ndani, akaona vikanyagio viwili mahali palipokuwa na vitatu. Uso ulimbadilika. Alisema yule mtu alikuwa tayari kulipa, na sasa wameharibu hata kile kidogo kilichokuwa na thamani. Alisema baba angelia. Alisema mengi, na Ernestine alimwacha aseme.

Velt alimwita kwenye meza. Giaboksi ilikuwa imefungwa kwenye blanketi safi.

"Nusu yako hii hapa," alimwambia. "Ndiyo yenye thamani. Mpigie yule bwana wa meno, mwambie nambari ziko wazi, azisome mwenyewe."

Hosea alifunua blanketi. Chuma kilikuwa kinang'aa kuliko siku kilipotoka kiwandani. Alikigusa, akarudisha mkono.

"Unajua nitaiuza," alisema.

"Najua. Msomeshe mtoto."

Hosea hakujua kwamba walijua. Alisimama akitazama ukuta uliopasuka mahali ambapo friza iligonga, kisha akamwomba Latrice amsaidie kuibeba hadi kwenye gari lake. Safari hii alikunywa kahawa. Aliondoka bila kukumbatiana na kaka yake, lakini wiki iliyofuata alipiga simu kuuliza kama giaboksi mpya inavuja mafuta, na Velt alimjibu kwa kirefu.

Giaboksi ya zamani iliuzwa mwezi uleule.

*

Msimu ule Velt aliendesha. Alikwenda kanisani, alikwenda kliniki, alikwenda kwenye uwanja ambapo wazee wenye magari ya zamani hukutana Ijumaa jioni, wakiinua maboneti na kukaa kwenye viti vya kukunja. Wengi walimshika mkono. Mmoja, waliyefanya naye kazi zamani, aliinama dirishani, akatazama chini, akacheka.

"Tolliver, umelifanya gari la bibi kikongwe. Kuna mahali pa kuwekea sufu na sindano za kufumia?"

Wenzake walicheka, naye Velt akacheka nao. Alikaa kidogo, akaangalia saa, akaaga mapema. Njiani, kwenye ile barabara ndefu iliyopita penye uwanja mtupu uliokuwa kiwanda, mkono wake wa kulia ulishuka wenyewe kutafuta gia, ukakuta kirungu kidogo cha otomatiki, ukabaki umekaa juu yake.  Ijumaa iliyofuata alikwenda tena.

Septemba, asubuhi moja, Ernestine alikuwa anamvua soksi ya mguu wa kulia ili amwoshe. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Velt alikuwa amekijua kwa siku kadhaa. Ilionekana kwa jinsi alivyotazama dirishani soksi ilipokuwa inatoka. Ernestine alikishika kisigino chake, akakaa hivyo.

"Nilitaka nimalize msimu," Velt alisema.

Hakumgombeza. Alimpangusa mguu, akamvisha soksi safi, akasema anaita gari la wagonjwa. Velt alitikisa kichwa. Alisema hatabebwa kwenye gari la wagonjwa mara ya pili, majirani wamesimama barazani. Alichukua funguo kwenye ndoano ya ukutani, akazishika kidogo, akamnyoshea.

Ernestine hakuwahi kukaa nyuma ya usukani ule. Mzee Otis alikuwa akisema wanawake huunguza klachi, na mzee alipokufa Velt hakuwahi kusema hivyo, ila hakuwahi pia kumpa funguo, na yeye hakuwahi kuziomba. Aliingia, miguu haikufika. Reli ya kiti ilikuwa imekwama kwa urefu wa Velt tangu ilipofungwa. Velt alijipinda kutoka kiti cha pembeni, akashika chini ya kiti kwa mikono miwili, wakavuta pamoja, na kiti kikasogea kwa mlio wa kutu.

Aliwasha. Injini ilinguruma, gereji ikatikisika, na yeye akashika usukani kana kwamba utamtoroka. Alirudisha nyuma taratibu hadi barabarani. Velt alimwambia apite barabara ya mtoni kwa kuwa haina mashimo, naye akapita. Kila penye taa, mguu wa Velt ulikanyaga sakafu kutafuta breki ambayo haikuwa upande wake.

"Unaendesha polepole mno," alisema hatimaye.

"Nimebeba mgonjwa."

"Mgonjwa hana haraka, lakini injini itaziba kwa masizi. Kanyaga kidogo."

Alikanyaga. Gari liliwasukuma mgongoni wote wawili, na Ernestine alitoa sauti ambayo mumewe hakuwa ameisikia kwa miaka mingi, kati ya kicheko na kuvuta pumzi. Alipunguza mara moja, akaona haya. Velt alikuwa amegeukia mto, amefunika macho kwa kiganja.

Mbele ya hospitali, mhudumu mmoja alileta kiti cha magurudumu. Alikuwa mzee, mvi hadi nyusi. Alimshusha Velt kwa uangalifu, akamfunika miguu, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari, ambalo Ernestine alikuwa amekwenda kuliegesha upande wa pili. Lilikuwa refu kuliko alivyodhani. Aliingia katikati ya mistari ya maegesho, akatoka, akaingia tena kwa pembe, akatoka tena.

"La mwaka wa sabini lile, sivyo?" mhudumu aliuliza. "Mungu wangu. Ni lako?"

Velt alimtazama mkewe. Alikuwa ametoa kichwa dirishani, ameuma ulimi, anaangalia tairi la nyuma kama anayepitisha uzi kwenye sindano.

"La mke wangu," alisema. "Mimi nililitengeneza tu."

Mhudumu alifungua breki za kiti. Velt akamwomba angoje kwanza, mpaka gari liingie.